Paa Lililojilaza Kwenye Buti: Kisa cha Ford Skyliner, 1957 hadi 1959

Mwezi wa Desemba 1956, katika maonyesho ya magari jijini New York, kampuni ya Ford iliwaonyesha watu gari kubwa la familia ambalo paa lake zima la bati lilinyanyuka lenyewe, likarudi nyuma na kujilaza ndani ya buti bila mkono wa mtu kuligusa. Gari hilo, Ford Fairlane 500 Skyliner, liliingia sokoni mwaka 1957. Baada ya modeli ya 1959 likaondolewa, na hakuna kampuni ya Marekani iliyothubutu kuunda kwa wingi gari jingine la aina hiyo katika miongo iliyofuata mara moja. Wapenzi wa magari ya zamani husimulia kisa hiki kama kichekesho: mota nyingi, nyaya nyingi, mitambo ya kuringishia majirani, kwa hiyo lazima ilikuwa ikiharibika kila siku na ndiyo maana ikafa. Maelezo hayo ni mepesi mno. Ukiitazama mashine yenyewe, kisha ukaziweka kando yake takwimu za mauzo na bei za magari mengine ya Ford ya miaka hiyohiyo, utaona kwamba paa halikuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa katika kile ambacho paa lilikinyang'anya gari, na katika nafasi ambayo gari liliwekwa kwenye orodha ya bei.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini mtu yeyote angetaka kuunda kitu kigumu namna hiyo. Katika miaka ya 1950 Wamarekani wengi walipenda sura ya gari lililo wazi juu, lakini walichoka na turubai. Turubai lilivuja mvua, lilipiga kelele barabarani, halikuzuia baridi ya majira ya baridi kali, na mwizi aliweza kulipasua kwa kisu. Viwanda vikapata jibu la nusunusu: magari ya paa la bati yasiyo na nguzo katikati ya mlango na dirisha la nyuma, ambayo vioo vyake vikishushwa vyote upande wa gari hubaki wazi kabisa. Yaliuzwa sana, ingawa jua na anga havikuonekana kutoka ndani. Ford yenyewe ilijaribu njia nyingine mwaka 1954 kwa kuweka plastiki angavu yenye rangi ya kijani kwenye sehemu ya mbele ya paa, katika gari ambalo tayari lilibeba jina la Skyliner. Abiria wake waliliona anga vizuri, na jua la kiangazi nalo likawaona wao.

Wazo la paa gumu linaloingia mwilini mwa gari lilikuwa la kale kuliko hapo. Mmarekani Ben Ellerbeck alibuni mfano wake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ufaransa, Georges Paulin, aliyekuwa daktari wa meno kwa taaluma na mbunifu wa magari kwa mapenzi, alipata hataza ya paa la namna hiyo, na Peugeot ikaliweka kwenye magari yake ya Éclipse kuanzia mwaka 1934. (Paulin aliuawa na Wajerumani mwaka 1942 kwa kushiriki katika harakati za ukombozi wa nchi yake, habari ambayo wauzaji wa magari hawana sababu ya kuitaja lakini msomaji anastahili kuijua.) Mwaka 1941 Chrysler nayo ilionyesha Thunderbolt, gari la maonyesho lenye paa la bati lililojificha nyuma, ambalo ziliundwa nakala chache tu. Jambo jipya lililoletwa na Skyliner, basi, lilikuwa kuunda maelfu kwa mtiririko wa kiwandani na kuyauza kwa wauzaji wa kawaida wa Ford, wale walewale waliouza pikapu kwa wakulima.

Chimbuko la gari hili ndani ya kampuni ndilo ufunguo wa kwanza wa kisa. Mbunifu wa Ford aitwaye Gilbert Spear alikuwa akichora gari la aina hii kwa miaka kadhaa kabla ya mtu kumpa fedha. Aliyempa ni William Clay Ford, mjukuu wa Henry Ford, aliyekuwa akisimamia uundaji wa Continental Mark II, gari la kifahari lililotoka mwishoni mwa 1955 kwa bei ya karibu dola 10,000. Kiasi cha takriban dola milioni 2.2 kilitengwa ili paa hilo litengenezwe kwa ajili ya Continental. Hata hivyo Mark II ikatoka na paa lisilotembea, na kazi yote ya wahandisi ikabaki bila gari la kuibeba. Ikahamishiwa tawi la Ford, yaani kwenye magari ya bei ya watu wengi. Kwa maneno mengine, mtambo uliofikiriwa kwa mnunuzi ambaye hahesabu dola mia tano, na ambaye pengine ana gari la pili nyumbani la kubebea mizigo, ukapachikwa kwenye gari la dola 3,000 ambalo kwa kaya nyingi lilikuwa ndilo gari pekee.

Tuutazame sasa mtambo wenyewe kwa karibu, kwa sababu ni wa ajabu kweli na unastahili subira kidogo.

Hakukuwa na kompyuta, na pia hakukuwa na pampu ya haidroli, inayosukuma mafuta kwa shinikizo ili kunyanyua paa, kama ilivyokuwa kwa matoleo mengi ya turubai ya wakati huo. Kila kitu kilikwenda kwa umeme. Modeli za 1957 na 1958 zilikuwa na mota saba zinazoweza kuzunguka pande zote mbili, na modeli ya 1959 ilikuwa na sita. Pamoja nazo zilikuwapo relei (swichi zinazowashwa na umeme wenyewe), swichi kumi za kikomo, vipande vya sumaku-umeme vya kufungulia makomeo, na nyaya zenye jumla ya urefu wa takriban mita 186. Ford ilikuwa imehamia umeme wa volti 12 mwaka mmoja tu kabla, katika modeli za 1956, na ni vigumu kuona jinsi mzigo wa mota zote hizo ungebebwa bila shida na mfumo wa zamani wa volti 6.

Dereva alipaswa kusimamisha gari na kuiweka gia huru, kisha aitafute swichi chini ya dashibodi. Akiibonyeza, makomeo ya mfuniko wa buti yanafunguka na skrubu ndefu zinazozungushwa na mota zinaanza kuuinua mfuniko. Hapo ndipo mtazamaji wa mara ya kwanza hushtuka, maana mfuniko haufunguki kwa upande uliozoeleka. Bawaba zake ziko nyuma kabisa, juu ya bampa, na ukingo unaonyanyuka ni ule ulio karibu na kioo cha nyuma, hivyo sehemu yote ya nyuma ya gari inafumbuka kama kinywa cha mamba anayetazama mbele. Mfuniko ukishafika juu, kibao kilicho nyuma ya kiti cha nyuma kinajinyanyua hadi usawa wake, ili baadaye kizibe pengo litakaloachwa na paa. Kisha makomeo ya paa yanajifungua, juu ya kioo cha mbele na nyuma pia. Paa linapanda, linarudi nyuma na kuanza kushuka, na wakati huo kipande chake cha mbele chenye upana wa takriban sentimita 25 kinajikunja chini, kwa kuwa paa zima lisingeenea kwenye buti hata lile lililorefushwa kwa ajili yake. Mwishowe mfuniko unashuka, skrubu za makomeo zinajikaza, na taa ndogo iliyokuwa ikiwaka kwenye dashibodi inazimika. Kazi yote huchukua chini kidogo ya dakika moja.

Uzuri wa mpango huu uko katika namna hatua zilivyofungamanishwa. Kila chuma kilichokuwa kikisogea, kilipofika mwisho wa safari yake, kiligusa swichi ya kikomo. Swichi hiyo ilikata umeme wa mota iliyomaliza kazi, na kupitia relei ikaupeleka umeme kwa mota inayofuata. Paa halikuweza kuondoka mahali pake kabla mfuniko haujafika juu kabisa, na mfuniko haukuweza kufunga kabla paa halijalala. Dereva akiachia swichi katikati ya safari, kila kitu kilisimama pale kilipo. Akiibonyeza kwa upande mwingine, hatua zilirudi kwa mpangilio uleule kinyumenyume. Mtu aliyewahi kuona jopo la umeme la lifti ya zamani au la mashine ya kiwanda ataitambua mantiki hii mara moja. Kilichokuwa kigeni ni kuipakia kwenye gari linalopita kwenye matope na chumvi ya barabara za majira ya baridi.

Kutokana na mpangilio huo tunaweza pia kueleza hasa ugonjwa wa gari hili ulikuwa wa namna gani. Swichi moja ikishika kutu au ikisogea kidogo kutoka mahali pake, mnyororo mzima unakatika hapo. Mota zote zinaweza kuwa nzima, betri ikawa imejaa, na bado gari likabaki katikati ya barabara mfuniko ukiwa wima na paa likielea nusu ya njia, dereva akiwa hana kioo cha nyuma cha kutazamia wala heshima. Kulirudisha kwa mkono kuliwezekana, ila ilikuwa kazi ya watu na vifaa, na haikuwa jambo la kufanya mvua ikinyesha. Tatizo la namna hiyo lina madhara makubwa kwa sifa ya gari hata likitokea kwa nadra, kwa sababu hutokea hadharani. Gia ikigoma, anayejua ni mwenye gari na fundi wake. Paa likigoma, mtaa mzima unajua.

Lakini ugonjwa huo ulikuwa na tiba nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kwa kuwa hatua zilifuatana kwa mpangilio usiobadilika, mahali paa liliposimama palimwonyesha fundi wa umeme ni swichi ipi aanze nayo. Kama mfuniko umefika juu na kibao hakijainuka, kosa liko kati ya swichi ya mfuniko na mota ya kibao. Hakuna haja ya kufukua nyaya zote. Mota zenyewe zilikuwa imara, na yapo magari ya Skyliner yanayolaza paa hadi leo mbele ya watazamaji katika mikusanyiko ya magari ya kale, zaidi ya miaka 60 baada ya kutoka kiwandani. Mtambo mbovu hauishi hivyo. Kwa hiyo ile hukumu kwamba gari lilikufa kwa kuharibika-haribika siikubali.

Hasara halisi ilikuwa mahali pengine, na mnunuzi aliikuta siku ya kwanza ya safari. Buti lililokuwa refu kiasi cha kumeza paa halikuwa na nafasi ya mizigo. Ford iliweka katikati yake kisanduku kimoja cha wazi, chenye ukubwa wa takriban sentimita 61 kwa 76 kwa 38, na hicho ndicho kilichokuwa chumba cha mizigo cha gari lenye urefu wa zaidi ya mita tano. Sanduku moja la nguo na vikorokoro vichache vilitosha kukijaza. Tena kulikuwa na karaha nyingine: paa likiwa limelala ndani, kisanduku kilikuwa chini yake, na mfuniko ulifunguka kwa upande wa mbele tu, kwa hiyo kuchukua koti lako ilibidi uuamshe mtambo au uinamie ubavuni mwa gari na kupapasa gizani. Familia iliyotaka kwenda pwani na paa wazi ililazimika kuchagua kati ya jua na mizigo, au kuweka mizigo kwenye kiti cha nyuma na kuwaacha watoto nyumbani.

Kulikuwa pia na uzito. Skyliner ya 1957 ilizidi ndugu yake Sunliner, iliyokuwa na turubai la kawaida, kwa karibu kilo 190, na ndiyo sababu injini ya V8, yenye silinda nane, haikuwa ya hiari kwake. Tanki la mafuta lilihamishwa kutoka chini ya sakafu ya buti na kusimamishwa nyuma ya kiti cha nyuma, kwa sababu mahali pake palichukuliwa. Kwa bahati tu, mahali hapo papya palikuwa salama zaidi gari likigongwa kwa nyuma. Sijaona kwamba Ford iliwahi kulitangaza hilo, na ni mojawapo ya sifa bora za gari hili.

Sasa takwimu. Mwaka 1957 Skyliner iliuzwa kuanzia dola 2,942, na Sunliner dola 2,505. Zilitengenezwa Skyliner 20,766 mwaka huo, idadi ambayo si haba kwa gari lililoingia sokoni modeli za mwaka zikiwa zimeshaanza kuuzwa. Mwaka 1958 idadi ilishuka hadi 14,713, na mwaka 1959 hadi 12,915, na kufanya jumla ya 48,394. Wengi huutazama mteremko huo na kuulaumu mdororo wa uchumi uliolikumba soko la Marekani mwaka 1958. Kwa mwaka 1958 peke yake hoja hiyo inasimama, lakini tazama Sunliner ilifanya nini: ilitoka zaidi ya 77,000 mwaka 1957 hadi kama 35,000 mwaka 1958, yaani ilipoteza zaidi ya nusu, wakati Skyliner ilipoteza chini ya theluthi. Katika mwaka mbaya zaidi, gari la mitambo lilihimili kuliko gari la turubai. Kisha uchumi ukainuka mwaka 1959, na Sunliner ikapanda tena hadi karibu 46,000. Skyliner haikupanda nayo. Iliendelea kushuka. Mdororo, kwa hiyo, hauwezi kuwa sababu ya kuanguka kwake. Lazima wateja wake walikuwa wamehamia mahali fulani.

Mahali penyewe palikuwa katika chumba kilekile cha maonyesho. Mwaka 1958 Ford ilitoa Thunderbird mpya ya viti vinne. Ile ya kwanza, ya viti viwili, haikuwa mshindani wa Skyliner kwa mtu mwenye watoto. Hii mpya ilikuwa. Thunderbird zilizotengenezwa mwaka 1958 zilikuwa 37,892, na mwaka 1959 zilifika 67,456. Bei ya Skyliner nayo ilikuwa imepanda kila mwaka, kutoka dola 2,942 hadi 3,163 na kisha 3,346, wakati Thunderbird ya paa la bati ya 1959 iliuzwa kuanzia dola 3,696. Tofauti ikawa dola 350. Mtu aliyetaka majirani wamtazame aliweza, kwa kuongeza fedha hizo, kupata gari ambalo hakuna aliyelifananisha na teksi au gari la polisi, na likawa na buti. Mbele ya Skyliner, kuanzia taa hadi milango, palikuwa na sura ya Ford ya kawaida. Upekee wake ulionekana kwa dakika moja tu, paa lilipokuwa likitembea. Mwaka huo wa 1959 jina la Galaxie, ngazi mpya ya juu ya Ford, liliongezwa kwenye gari hilo katikati ya msimu, lakini jina halikuongeza mauzo.

Jambo la mwisho katika hukumu hiyo lilikuwa watu waliokuwa wakiamua. Robert McNamara, ambaye baadaye angekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, aliongoza tawi la Ford kuanzia mwaka 1955 na kupandishwa cheo mwaka 1957. Alikuwa mtu wa hesabu, na gari lililomsumbua akili lilikuwa jingine kabisa: Falcon, dogo, jepesi na la bei nafuu, lililotoka kwa modeli ya 1960 na kutengenezwa zaidi ya 435,000 katika mwaka wake wa kwanza. Modeli za 1960 za Ford kubwa zilibuniwa upya kuanzia chini hadi juu, jambo lililomaanisha kwamba paa la Skyliner nalo lingehitaji kubuniwa upya, na vyuma vyake vyote kutengenezewa kalibu mpya, kwa ajili ya gari lililouza chini ya 13,000. Hata meneja anayependa mitambo angesita kutia saini hapo. Kwa maoni yangu uamuzi wa kulifuta ulikuwa sahihi, ingawa uamuzi wa miaka michache nyuma, wa kulishusha kutoka kwenye Continental, ndio ulioufanya usiepukike.

Mtambo wenyewe haukutupwa. Thunderbird ya turubai iliyotoka mwaka 1958 ilitumia mfuniko uleule unaofunguka kutoka mbele, na turubai likajificha lote ndani ya buti bila kuacha tuta nyuma ya kiti kama yalivyofanya magari mengine. Mwaka 1961 Lincoln Continental ya turubai yenye milango minne iliutumia tena mpango huo wa relei na swichi za kikomo, safari hii katika gari la kifahari lenye wanunuzi wanaoweza kulipia fundi, na likaendelea kutengenezwa hadi modeli ya 1967. Wazo la Spear lilikuwa limerudi kwenye daraja la bei lililokusudiwa tangu mwanzo, isipokuwa kwamba bati lilibadilishwa na kitambaa.

Paa la bati lilisubiri hadi miaka ya 1990. Mwaka 1996 Mercedes-Benz ilitoa SLK, gari la viti viwili ambalo baadhi yake hata yamefika Nairobi na Dar es Salaam yakiwa yametumika kwingine. Paa lake lilikunjwa vipande viwili, hivyo halikuhitaji buti la urefu wa kitanda, na mfuniko wake uliundwa ufunguke pande zote mbili: kutoka mbele kwa ajili ya paa, na kutoka nyuma kwa ajili ya mwenye gari anayetaka kuchukua begi lake.